Boflo la Sungura

Siku ya kumi na mbili ya Ramadhani sungura wa mama aligoma kula, na mama akaniambia nimwache, kafunga.

Nilicheka. Mwezi ule nyumbani kwetu Mji Mkongwe kila kitu kilikuwa kimegeuka, tunalala mchana na kupika alasiri, kwa hiyo sungura kufunga hakukunishangaza sana. Nilimwekea majani yake nikaenda kujinyoosha kidogo. Nilipoamka, majani yalikuwa palepale, hata jani moja halijaguswa.

Sungura huyo aliachwa na mpwa wangu alipohamia Pemba, "kwa wiki mbili tu, shangazi," na sasa ni mwaka wa tatu. Anakaa chumbani kwa mama, na tangu baba afariki mama huzungumza naye zaidi kuliko anavyozungumza na mimi. Humweleza bei ya samaki, humlalamikia magoti. Simlaumu. Sungura hamjibu kwa ukali, mimi ndiyo.

Mama ana sukari. Mwaka ule daktari alimkataza kufunga, mara ya kwanza maishani mwake, naye akaitikia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Fidia ya kulisha maskini tukatoa, mambo yakaisha. Kila asubuhi nilimpelekea boflo, ule mkate wa dukani, lenye siagi, yai na chai, nikaweka juu ya meza, nikamfungia mlango nikaondoka. Niliufunga kwa adabu, maana mtu mzima hapendi kutazamwa akila mchana wa Ramadhani. Nikirudi, sahani ilikuwa tupu kabisa, na moyo wangu umetulia.

Alasiri ile nilimkuta sungura amejikunyata pembeni mwa kabati, anasaga meno. Nilimgusa tumbo, limejaa na ni gumu. Mahali ambapo kila siku nafagia vinyesi vyake vidogo kama choroko, hapakuwa na hata kimoja. Sikuelewa. Chakula chake nakijua mimi, ni majani asubuhi na majani jioni, basi.

Nikaamua kosa ni la muuza majani wa Jang'ombe. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo mtu aliyefunga hatakiwi kuyatamka, kwamba ametuletea majani yenye dawa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Dada, mbuzi wote wa mtaani kwetu wamekula majani hayohayo na wazima. Labda umuulize sungura mwenyewe." Nilimkatia simu. Nilikuwa na hasira na njaa kwa pamoja, sikujua ipi ndiyo inayosema.

Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake, uso unamtoka jasho.

"Akifa huyu, dhambi zake juu yangu," alisema.

"Kwa lipi, mama? Wewe umemfanya nini?"

Alijifuta jasho kwa kiganja. Nikasema moyoni ni joto linamchosha, kama nilivyosema siku zote alizokuwa akisinzia mchana.

Daktari wa mifugo niliyempigia alikuja baada ya sala ya alasiri, na mkoba unaonuka ng'ombe. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba huku anamsogezea sungura mikononi kabla hajakaa. Alimbonyeza tumbo taratibu, akaweka kifaa chake cha kusikilizia, akasikiliza muda mrefu.

"Matumbo yamelala," aliniambia. "Huyu si kama mimi na wewe, dada. Sisi tunafunga. Yeye tumbo lake likisimama siku moja, ya pili hayupo. Mnampa mkate?"

"Mkate? Huyu anakula majani tu."

Alipitisha kidole kwenye manyoya ya chini ya kidevu, akatoa chembe ngumu yenye rangi ya siagi. Akaniwekea kiganjani. Nikaitazama ile chembe, na kwa muda nikawaza panya, nikawaza jirani, nikawaza hata huyo muuza majani. Kisha nikamtazama mama. Alikuwa anavuta tasbihi mbio.

Daktari alimchoma sungura sindano ya maumivu, akaniachia bomba lisilo na sindano. Nimpe maji kidogo kidogo kwa pembeni mwa mdomo, nimtwangie majani yalainike, nimsugue tumbo, nimtembeze. "Na msimwache mwenyewe, hatakula," alisema. "Mkisikia tumbo linanguruma, shukuruni."

Alipoondoka nilifunga mlango.

"Mama, siku ngapi?"

"Zote."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na moja. Leo kalikataa."

Akainua mto. Boflo la asubuhi lilikuwa hapo, limefungwa kwenye pembe ya kanga, na yai lake.

"Na vidonge?"

"Nnakunywa magharibi, nikifuturu na nyinyi."

Nilipiga kelele, nakiri. Nilimwambia angeweza kuanguka tukamkuta baridi, kwamba daktari wake wa sukari hakumkataza kufunga kwa kumwonea. Alinisubiri nimalize, mikono inamtetemeka juu ya kanga.

"Sungura kala, kaumwa," alisema. "Mimi sikula, mbona mzima? Nieleze, mwanangu."

Nilijua majibu yote, nilishayasoma kwenye karatasi ya hospitali. Lakini mtu anatetemeka mbele yako na anakuuliza mbona mzima, unaanzia wapi? Nilikwenda nikaleta chai yenye sukari. Akatazama dirishani. "Bado saa moja tu iadhiniwe. Saa moja, mwanangu, unihurumie." Nikasimama na kikombe mkono mmoja na bomba la sungura mkono mwingine, sijui nianze na nani.

Nilianza na sungura kwa kuwa yeye hasemi. Akageuza kichwa, maji yakamwagika. Mama akampakata, akamwinamia sikioni. "Kunywa, baba. Kunywa kidogo." Akanywa.

"Na wewe je?" nilimwuliza.

Maneno yakamtoka. "Unaniwekea sahani unafunga mlango. Mchana wa Ramadhani, nile mwenyewe, nimefungiwa, kama mwizi. Sijui kula hivyo."

Nilikaa kitandani. Siku kumi na mbili nilikuwa najisifu kwa ule mlango. Nikamshikia kikombe, akanywa huku analia, saa moja kabla ya magharibi. Mpaka leo sijui kama saa ile nilimwokoa au nilimnyang'anya kitu. Nimeshamwuliza zaidi ya mara moja, naye hunijibu kwa kuniuliza habari za mchele.

Tulimlisha sungura kwa zamu hadi daku. Asubuhi alikuwa hai, ametafuna majani mawili matatu, lakini choo bado. Nilimpigia muuza majani kumtaka radhi, akacheka, akaahidi kuniletea yaliyokauka vizuri.

Kisha nikampelekea mama boflo na yai. Nilikwishageuka kuelekea mlangoni kwa mazoea, nikarudi. Nikakaa chini karibu na miguu yake, sungura kati yetu, harufu ya siagi ikinipanda kichwani.

"Usinitazame," alisema.

"Nnamtazama sungura."

Akamega kipande kidogo, akakishika muda mrefu, akakitia mdomoni. Akamega cha pili. Hapo kikasikika kitu, sauti ya chini, ndefu, inajiviringisha. Mama akaacha kutafuna.

"Tumbo la nani hilo?"

Aliinama kwa shida na magoti yake yale, akaweka sikio kwenye ubavu wa sungura, kisha akaliweka kwenye tumbo langu.

"Yote mawili," alisema, na akachukua kipande kingine cha boflo.