Mtungi Usiojua Kukaa

Tulinagwe wa Matema alisoma hadi vitabu vikaanza kumwonea huruma. Mwaka wa sita huo alikuwa akiusaka udaktari wa Kilatini na Kiyunani cha kale, lugha ambazo wenyewe walikufa zamani, hata mamba wa ziwani hawakumbuki ladha yao. Lilibaki jambo moja. Msimamizi wake, mzee asiyeamini mvua mpaka ailambe, alitaka aonyeshwe kwamba mitungi ya wale wahenga, iliyochongoka chini kama karoti, iliweza kusafiri chomboni imejaa bila kumwagika. Mwezi ukiisha hajaonyeshwa, sura nzima ya tasnifu inatupwa, na Tulinagwe anarudi kuvuna kakao.

Akampelekea picha shangazi yake Rut, mfinyanzi ambaye mitungi yake, watu husema, huenda ziwani kuteka maji yenyewe.

"Mwanangu," shangazi akauliza, "aliyefinyanga huu alikuwa amelewa?"

"Hapana, mitungi yao ndivyo ilivyokuwa, shangazi. Nifinyangie mmoja hivyohivyo."

"Ndaga," akaitikia kwa lugha ya nyumbani. "Nimekuelewa."

Baada ya wiki mtungi ukatoka motoni: mikono miwili, shingo ya bibi harusi, na kitako kipana kama cha shangazi mwenyewe.

"Ncha iko wapi?"

"Nimeutibu. Mimi nina jina hapa, Tulinagwe. Nikionekana na mtungi usiojua kukaa, hata kuku watanicheka."

Akamwomba tena, nusura apige magoti. Wa pili ukaja na kitako kipana zaidi, maana shangazi alimwona mtoto ana huzuni, akataka kumfurahisha.

Mwezi ukabakiza siku moja. Tulinagwe alikwenda nyuma ya jiko kulia peke yake, akaona mikono miwili ya udongo imechomoza kwenye lundo la pumba za mpunga. Akafukua. Ncha kali, kama kwenye picha.

"Shangazi! Huu hapa umesimama!"

"Haujasimama, umefichwa. Nilijaribu mmoja tu, nikaona aibu."

Wakaijaza yote mitatu togwa, wakaipakia mtumbwini. Ule wa ncha Tulinagwe aliuchomeka kwenye pumba. Shangazi alikataa kabisa pumba kwa ile yake. "Wanangu hawafukiwi kama maiti," akasema, akaiketisha juu ya mbao.

Upepo wa milimani ukashuka. Mitungi yenye vitako ikateleza, ikasalimiana kwa vichwa, ikapasuka. Shangazi akaoga togwa mpaka masikioni, na samaki wakaufuata mtumbwi hadi bandari ya Itungi wakicheua. Ule wa ncha ulitulia kama mzee wa kanisa kwenye kiti cha mbele. Simu ikarekodi kila kitu.

Msimamizi alitazama mara tatu, akaikubali sura. Akaomba na yeye apelekewe mtungi kama ule, auweke ofisini.

"Nitamfinyangia," shangazi akasema, akijikamua togwa kwenye kitenge. "Ila wake nitautia kitako. Mzee wa watu hapewi zawadi yenye kilema."