Nirudishie Nywele Zangu

Kwenye simu waajiri walimpenda. Alikuwa na sauti nzito isiyo na papara, na akieleza majengo aliyowahi kuchora, mtu wa upande wa pili alisema "vizuri, vizuri sana" na kumpangia siku ya usaili papo hapo. Siku ikifika, akiingia tu mlangoni, nyuso zilikunjamana.

Mtaani walimwita Shungi, na hata mkewe alilitumia jina hilo akiwa na furaha. Alikuwa mchora ramani za majengo, umri wake hamsini na moja, na nywele zake za misokoto zilifika kiunoni. Hakuwa mwanamuziki, wala hakuna dini iliyomtuma kuzifuga. Watu walimtafutia sababu, mara ameweka nadhiri, mara anaomboleza mtu. Hakuna. Alizipenda tu, kama mwingine anavyopenda masharubu yake. Alizifunga nyuma kwa kitambaa cheusi, na kila Jumapili mkewe alizipaka mafuta huku wakiwasengenya majirani.

Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye ofisi moja, chini ya mhandisi mzee ambaye hakujali kichwa cha mtu kimeota nini kwa nje. Mhandisi alipofariki, wanawe waliuza jengo kabla machozi hayajakauka, na wachoraji wote wakajikuta barabarani, kila mmoja amekumbatia boksi lake. Wenzake vijana walipata kazi upesi. Shungi akabaki anapiga pasi shati lile lile.

Kwenye ofisi moja mlinzi alimzuia getini na kumwelekeza mlango wa nyuma, wanakopita wapakua mizigo. Kwenye nyingine, mmoja wa wasaili, bwana mwenye tai ya mistari, alimtazama kwa muda, akakohoa, akauliza, "Samahani mzee, kuna kitu chochote unachotumia?"

"Natumia miwani," Shungi akajibu.

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Alipotoka nje aliupiga ukuta kwa kiganja. Hakuwa mtu wa hasira. Hasira ilimjia ukubwani, kama kisukari, na alikuwa bado hajajua kuishi nayo.

Kisha ikaja kampuni ya jengo la vioo. Hapo aliketi mbele ya afisa utumishi, mama mmoja kijana mwenye koti lililokaa vizuri mabegani, na mama yule alizipitia kazi zake moja baada ya nyingine, anatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Kazi zako zimetuvutia kweli," akasema. "Tatizo ni moja tu. Mwonekano. Wateja wetu ni watu wakubwa."

"Mimi na wateja tutakutana wapi, bibie? Si nitakuwa nyuma ya kompyuta?"

"Ni sura ya kampuni, mzee wangu. Zitoe hizo, uwe nadhifu, halafu urudi wiki ijayo. Nafasi nakushikia mimi mwenyewe."

Nadhifu! Asubuhi ile alikuwa ameoga mara mbili kwa sababu ya joto. Viatu vyake viling'aa kiasi cha mtu kujitazama. Alishukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaondoka huku neno lile linamkwaruza kama kokoto ndani ya kiatu.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, karani wa benki, ameketi kwenye kiti ambacho kila mtu alijua ni cha mwenye nyumba. Habari ilipoelezwa, shemeji hakungoja.

"Shemeji, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama tangu mwaka uanze. Humo mvunguni nimeona vumbi tu."

"Kiburi hicho! Mwanaume mzima, nywele kama bibi harusi!"

"Na wewe, kipara chako kilikupandisha cheo lini?"

Pembeni mke wa Shungi, fundi cherehani, akasimamisha mashine.

"Mimi nimechoka, baba," akasema bila kuinua macho. "Wateja wananiuliza mume wangu yuko wapi siku hizi. Nasema anasubiri majibu. Wananionea huruma, na ile huruma inanichoma kuliko sindano. Ni nywele tu. Zitaota."

Na shemeji Shungi angeweza kujibizana mpaka jogoo awike, lakini si na mkewe. Alikwenda kulala amefura, akaamka amefura, na asubuhi akaenda moja kwa moja kwa kinyozi wa kona.

"Mzee, una uhakika?" kinyozi akauliza, mkasi hewani. "Mimi nikishakata, gundi sina."

"Kata."

Misokoto ikaanguka sakafuni kwa kishindo kidogo, mmoja mmoja, halafu mashine ikapita. Kichwa kikawa chepesi hata akapata kizunguzungu. Kwenye kioo alimwona mtu asiyemfahamu, utosi una upara ambao misokoto iliuficha, mvi zimezunguka masikio, shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kinyozi akamuuliza kama amfungie zile nywele kwenye mfuko.

"Tupa."

Mkewe alifungua mlango. "Karibu, nikusaidie ni—" Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakaanza kumtiririka juu ya vidole.

"Unalia nini? Si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka upate kazi," akasema. "Sikutaka uwe hivi."

Siku ya miadi alivaa shati lile lile, akafika mapema. Afisa utumishi alimpita pale mapokezi bila kumtambua, akarudi nyuma akicheka.

"Mzee wangu! Umependeza, hata sikukujua!"

Wakaingia ofisini. Lakini walipoketi, macho ya mama yule yakapanda kwenye utosi, yakashukia kwenye mvi, na tabasamu likaanza kupungua. Akaomba dakika moja akateta na mkuu wake. Aliporudi alikuwa amefumbata mikono kama anayeleta habari za msiba.

"Tumefikiria upya. Timu yetu ni ya vijana, tunahitaji damu changa. Ungejisikia mpweke. Kusema kweli, zile nywele... hatukuona kama umri umesogea namna hii."

"Umri wangu niliwaambia tangu kwenye simu."

"Kusikia na kuona ni mambo mawili, mzee wangu."

Shungi hakuinuka. Alitazama viatu vyake.

"Nirudishie nywele zangu," akasema.

"Samahani?"

"Nywele zangu. Ulisema nikate, nafasi unanishikia. Nafasi huna. Basi nirudishie nywele."

"Mzee, yale yalikuwa maamuzi yako binafsi."

Hapo ndipo alipopasuka. Alisimama hata kiti kikaanguka nyuma yake.

"Binafsi? Uliniambia zitoe kama vile unaagiza taka zitolewe nje! Zilikaa kichwani kwangu kabla wewe hujaanza shule, na hazikumkosea mtu! Mimi mjinga nikakata, mke wangu akalia mlangoni, leo unaniambia uzee! Ningekuja na kichwa cha mtoto mchanga ungesema sina meno! Sema hukutaka mtu wa umri wangu! Sema tangu siku ya kwanza, uniachie kichwa changu!"

Mlango ukafunguliwa, mkuu akachungulia, na mlinzi akaja mbio akinyoosha mkono.

"Usiniguse," Shungi akamwambia. "Nimekuja kwa miguu yangu, natoka kwa miguu yangu."

Pale mapokezi watu waliokuwa wakingoja zamu zao walikwisha sikia kila kitu. Dada mmoja mwenye nywele ndefu za kusuka alikuwa amezishika kwa mkono. Shungi akasimama mbele yao, anahema.

"Wakiwaambia mkate kitu, msikate!" akasema. "Waambieni waanze wao!"

Hakuna aliyecheka.

Jioni shemeji alikuja na ushauri mwingine. Dunia ni ndogo, akasema, wakubwa wanajuana, kwa hiyo aende kesho akaombe radhi. Shungi alikuwa anafungua mdomo, lakini mkewe akamtangulia.

"Kaka," akasema, "inuka kwenye hicho kiti, uende kwako."

Baada ya hapo Shungi hakutuma tena maombi popote. Alizunguka kwenye majengo yanayojengwa, anauliza ni nani anayechora. Wengi walimfukuza kama mchuuzi. Kwenye eneo moja lenye tope alimkuta mkandarasi, mama mtu mzima mwenye buti, ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, anagombana kwenye simu kuhusu nondo zilizochelewa. Mama yule alinyoosha mkono bila kukata simu, akapokea michoro yake, akaifunua mpaka wa mwisho.

"Kesho unaweza kuanza?"

"Hata hujaniangalia," Shungi akasema.

"Nikuangalie, kwani nakuoa?"

Badala ya kucheka Shungi alimwambia yote yaliyompata, amesimama vile vile. Mkandarasi alisikiliza akitafuna kalamu.

"Una hasira wewe."

"Ninazo."

"Njoo nazo. Hawa wa nondo utakuwa unawapigia wewe."

Ndiko aliko mpaka leo. Kontena linachoma mchana kama tanuri, malipo hayafiki ya zamani, na michoro inabidi ipanguswe vumbi kila saa. Wa nondo wamejifunza kufika kwa wakati. Nywele zimeanza kuchomoza vipandevipande, hazifungiki wala hazichaniki, na vibarua humuuliza kama amepigwa na umeme. Huwajibu kwa matusi ambayo hayaandikiki.

Lile jengo la vioo liko njiani kwake. Angeweza kulikwepa kwa kupitia barabara ya nyuma, lakini hakwepi. Hulipita polepole, kichwa wazi, huku anawatazama wanaoingia. Mkewe humwambia yaliyopita si ndwele. Shungi humjibu kwamba hayajapita, kisha huchukua mkoba wake akaenda kazini.