Tulivyofuturu kwa Jua la Mtwara

Mie ndiye niliyewatengenezea watu wa mtaa wetu, Temeke, programu ya simu ya saa za swala. Hakuna aliyeniomba. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, una spika nne, na mwadhini wake hajawahi kuchelewa tangu nizaliwe. Lakini nilikuwa nimeajiriwa kuandika programu kwenye ofisi moja Mikocheni, na mtu akishafika Mikocheni hawezi kukaa hivi hivi bila kuwasaidia watu wake.

Mama aliisambaza kwenye magrupu yake yote. Ikafika hadi kwa mjomba, Mtwara, naye akapiga simu katikati ya Ramadhani. "Mpwangu, hii yako inatuchelewesha. Huku jua linawahi kuzama."

Alisema kweli. Kesho yake mchana, nikiwa na njaa na bidii nyingi, nikafuta vile vipimo vinavyoiambia programu kwamba tuko Dar, nikaweka vya Mtwara ili nijaribu. Ikakubali. Furaha ikanizidi, nikasahau kuwa ni majaribio, nikawatumia watu wote kama toleo jipya. Chini yake nikaandika: "Sasa ni sahihi zaidi."

Jioni tulikaa uani, mie, mama na shangazi, mbele ya magimbi na uji wa pilipili manga. Simu ya mama ikaadhini. Ya shangazi ikafuata. Ng'ambo ya ukuta tukasikia ya jirani. Bismillah, tende zikaingia mdomoni.

Shangazi alikuwa kwenye gimbi la pili alipotazama juu. "Mbona jua bado liko kwenye bati la jirani?"

"Ni mwanga tu huo, shangazi," nilimjibu kitaalamu.

Dakika chache baadaye spika nne za msikiti zikaita Maghribi. Hakuna aliyetafuna. Mama aliweka kikombe chini polepole.

"Wewe," akasema, "umefanya nini?"

Bahati nzuri, sie waandishi wa programu tuna chombo kinachotunza kila toleo la kazi, pamoja na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa. Ukiharibu, unasoma maelezo, unarudi ulikotoka. Maelezo yangu, mimi mtaalamu, yalisomeka hivi: "Marekebisho." "Marekebisho madogo." "Marekebisho tena." "Imekubali." "Haijakubali." "Jamani."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Si unabonyeza tu?"

"Nibonyeze lipi, mama?"

Ikabidi nifungue matoleo moja moja hadi nikalipata lenye vipimo vya Dar. Amri moja, sekunde mbili, na programu ikawa kama haijawahi kukosea maishani mwake.

Kesho yake baada ya alasiri nilijitanda mtandio nikaenda kwa mwadhini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye Maghribi yako?"

Nikamweleza kuwa nimesharudisha toleo la zamani, na kila kitu kiko kama kilivyokuwa. Alinisikiliza kwa makini sana.

"Mashaallah. Na saumu zao za jana, nazo umezirudisha?"

Nikasema chombo hakifiki huko.

"Basi watalipa. Na utawatangazia wewe, maana simu zako zinafika mbali kuliko spika zangu."

Niliandika tangazo refu lenye neno "hitilafu" mara tatu. Mama akalisoma, akanirudishia simu. "Andika kwamba umekosea." Nikaandika. Lilikuwa na mstari mmoja, nami nikalituma kwa wote niliowatumia lile toleo jipya.

Jioni hiyo mjomba akapiga. "Mpwangu, jana ilikuwa barabara kabisa! Leo umeiharibu tena?" Katika nchi nzima nilikuwa na mteja mmoja aliyeridhika, na nilikuwa nimemharibia.

Baada ya Idi, majirani walikubaliana kulipa siku moja, wote pamoja, uani kwetu. Uji nilipika mie, mama akinisimamia. Jua lilipokaribia kuzama, wanawake wote walilaza simu zao kifudifudi kwenye mkeka.

"Leo hakuna apdeti?" jirani akaniuliza.

"Hakuna, mama."

"Alhamdulillah."

Akanisogezea nafasi kando yake, tukakaa kumsubiri babu akohoe kwenye spika, maana huwa anakohoa kwanza ndipo aadhini.