Nilivyokwenda Kuposa na Dinosaria Kifuani

Nitasimulia, lakini naomba mcheke kwa zamu, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika soko la Kilosa, na walioishuhudia bado wapo Masanze na hawajachoka kuihadithia.

Siku ya kwenda kuposa kwa akina Kabula, huko Masanze, shangazi alinipigia pasi shati jeupe. Nikaliona la kizee, nikavaa fulana ya mtumba iliyochorwa dinosaria wa pembe tatu kifua kizima. (Nilikuwa nimepata pia kitabu cha watoto wa Kizungu kuhusu wanyama hao wa kale, nikakisoma na kamusi mpaka nikajiona profesa, mtu asiyetoka nyumbani hupata muda wa kujua mambo yasiyomsaidia.)

Mshenga wangu alikuwa mjomba. Kazi ya mshenga mnaijua: yeye husema, muoaji huinama na kutazama mkeka. Wakwe nao ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, watu wa ng'ombe hasa, kwa hiyo shikamoo zilipokwisha, baba yake Kabula hakuuliza ukoo wala kazi, alikazia macho kifua changu.

"Huyu ng'ombe wa wapi?"

"Huyo ni kifaru, mzee," mjomba akajibu, maana aliwahi kufanya kibarua cha barabara kwenye mbuga ya Mikumi na tangu hapo kila mnyama ni wake.

Ningenyamaza, leo nisingekuwa na mkasa. Nikasema, "Si kifaru, mjomba."

Jamani, kumsahihisha mshenga mbele ya wakwe. Mjomba akakohoa kikohozi cha onyo, nami ndiyo kwanza nikapamba moto: pembe ya kifaru haina mfupa ndani, ya huyu inao, nyuma ya kichwa ana ngao ya mfupa iliyosimama kama kola, mbele ana mdomo kama wa kasuku, wa kukatia majani, tena babu zake wa mwanzo hawakuwa na pembe hata moja, walikuwa vinyama vidogo vya kutembea kwa miguu miwili, ngao ikaja, pembe kubwa zikafuata, kizazi kwa kizazi.

"Anakamuliwa?" mama yake Kabula akauliza.

"Anataga mayai, mama."

Jikoni wakacheka, nikaitambua sauti ya Kabula, nikadhani nashangiliwa.

"Na mapembe yote hayo ya nini?" akauliza mzee.

"Kupigania majike, na wengine wanasema ni ya kujionyesha kwao tu."

"Kama wewe na fulana yako," mzee akasema taratibu. "Sasa wako wapi?"

"Waliisha wote."

"Pamoja na mapembe."

Mjomba akasimama, akapangusa suruali. "Mzee, mimi nililetwa hapa kusema. Kwa kuwa mdomo mwingine upo, nao ni wa kasuku, utajadiliana nao mahari." Akachukua baiskeli yake (tuliyokuja nayo wawili), akaondoka.

Nikabaki sina mshenga, na kwetu ng'ombe tunamjua kwa kumla. Mwenye akili angeaga. Mimi nikaona heshima itarudi nikithibitisha maneno yangu, nikamwendea maksai aliyefungwa uani, nikamshika pembe, nikaanza kuwaeleza kwamba hata hii ina mfupa ndani na ganda nje. Maksai hakungoja nifike kwenye ganda. Alitikisa kichwa mara moja tu, nikajikuta nimekaa kwenye kinyesi kibichi, fulana imepasuka kutoka shingoni hadi kitovuni, na ukoo mzima umetoka kutazama.

Kabula ndiye aliyeniletea maji. Akaninong'oneza, "Nenda nyumbani, na baba akikuaga, usijibu zaidi ya ahsante."

Nilirudi kwetu Mabwerebwere kwa miguu, na waliopishana nami njiani walinisalimia kwa mbali. Mjomba aliombwa radhi msimu mzima, shangazi akimlainisha kwa majogoo, mpaka akakubali kurudi Masanze kwa sharti moja, kwamba mimi nisiwepo. Akaenda peke yake, wakaongea nusu siku, wakaelewana.

Kwa hiyo mke ninaye, nilimpata siku niliyoachwa nyumbani, na sasa mkwe wangu akija akaniuliza hata kama mvua imenyesha, namtazama Kabula ajibu yeye.