Feni mbili za van ya mathe zilivyokuwa zinazima injini kwa foleni, na plot yetu ikanionyesha shida

Wakuu, salama? Mimi huwa nasoma humu na kutoka kimya kimya. Leo naandika, na siwezi kuongeza chumvi maana mathe, mama yangu, amekaa hapa kando.

Mathe anaendesha van ya kubeba watoto wa shule hapa Komarock. Ni ya zamani. Feni ya radieta ilikufa, fundi wetu Mutiso akaweka mbili za umeme alizotoa kwa gari lingine. Injini ikaacha kuchemka. Tukafurahi.

Shida ikaanza kwa foleni.

Mkisimama, joto linapanda, feni zote mbili zinawaka pamoja. Taa zinafifia, redio inanyamaza, injini inatetemeka na kuzima. Watoto ndani, nyuma ni honi tu.

Ilipozima mara ya pili Kangundo Road, wazazi wakamwambia mathe wazi: ikizima tena na watoto wetu, tunatafuta van nyingine. Na hiyo van ndiyo inatulisha.

Mimi hukaa mbele nikienda shule. Macho yangu yakahamia kwa mshale wa temperature. Hata darasani nilikuwa nasikia ile "tak" ya feni kuwaka. Sikuwa natulia.

Mutiso akasema ni betri. Tukaweka mpya. Ikazima vilevile. Akasema basi ni alternator, ile inayochaji betri.

Sasa niwatoe kando kidogo. Plot yetu yote, yaani nyumba za kupanga tunamokaa, iko kwa laini moja ya stima. Ukitaka kupiga pasi lazima uite kwa ngazi, "Napiga pasi!", ndio wengine wachomoe vitu vyao. Wawili wakiwasha pamoja, bulb zinakuwa rangi ya chai na TV zinazima. Mimi huona haya kuita, kwa hivyo huenda shule na sketi iliyokunjamana.

Jumamosi Mama Abdi wa juu akachomeka pasi bila kusema. Bulb yetu ikafifia vile vile taa za van hufifia. Nikabaki nimeshika kikombe tu.

Mchana huo huo nilipita nje ya gereji ya Mutiso mara kadhaa kabla ya kuingia. Nikamwuliza feni zinatoa stima wapi.

"Kwa waya ya ufunguo wa kuwasha gari. Ndiyo ilikuwa karibu."

"Na pampu ya petroli?"

"Hapo hapo."

"Na redio?"

Akaweka spana chini. "Kumbe wewe huongea?"

"Ni kama plot yetu, fundi. Wote kwa laini moja, na hakuna anayesema anapiga pasi."

Akacheka hadi akakohoa. Lakini yeye pia anakaa plot kama yetu. Mathe akaleta van, Mutiso akamsimulia ya pasi huku anafungua boneti.

Alivuta waya nene kutoka kwa betri moja kwa moja, na fyuzi hapo karibu na betri. Kila feni ikapata rilei yake, ile swichi ndogo inayobeba mzigo. Waya ya ufunguo sasa inaamsha rilei tu. Pale waya ya earth inapofungwa kwa bodi akakwangua rangi hadi chuma. Feni ya pili akaipa sensa yake ya joto, ingoje ya kwanza ishindwe ndio iwake.

Jumapili barabara ilikuwa tupu, joto halikupanda vya kutosha. Kwa hivyo mtihani ulikuwa Jumatatu, watoto wote ndani.

Foleni. Mshale ukapanda. Tak. Redio ikaendelea. Mshale bado unapanda. Nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Mathe, bila kunitazama, akasema polepole, "Napiga pasi."

Tak ya pili. Mtangazaji hakuruka hata neno.

Nilichojifunza: feni usiipe waya kwa sababu tu iko karibu, na usikimbilie kununua betri. Wenye feni mbili, sensa ya pili mmeiweka iwake kwa digrii ngapi? Niambieni, maana bado nikisikia tak moyo unaruka.

Jana jioni nilisimama kwa ngazi nikaita. Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakuna aliyesikia.

"Piga, mama," Mama Abdi akajibu kutoka juu. "Nimechomoa."