Ngiri Iliyopanda Kifuani

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, tena ya ufundi wa maji, na wa kwanza kutolewa umio. Madaktari walikata njia ya chakula iliyokuwa na saratani, wakauvuta mfuko wa chakula hadi kifuani na kuuunga na koo. Mimi niliyeunga mabomba karibu nusu ya Kibondo niliwaelewa kuliko mgonjwa yeyote wodini. Nilirudi Kasulu nimekonda, lakini nilirudi kwenye nyumba ya vigae niliyoijenga mwenyewe, mimi niliyetoka Rungwe Mpya peku.

Mwaka uliofuata, kila nikila, kifua upande wa kushoto kilinguruma na pumzi ikakata. Daktari wa hapa Kasulu alinipiga picha. Utumbo ulikuwa umepenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo.

"Hii ni ngiri," alisema. "Ikijisokota huko juu, utumbo unaoza na wewe unakufa. Kesho alfajiri ambulansi inakurudisha kwa waliokupasua. Usile, usinywe kitu."

Shida ikawa lile neno. Kwetu ngiri ni ugonjwa wa chini ya mkanda. Mke wangu alilitaja kwao kwa simu; jua halijazama, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akashuka kwenye bodaboda kutoka Kibondo, amekumbatia dumu la dawa ya mizizi.

"Shemeji, vua suruali nione."

"Iko kifuani."

"Ee, wasomi! Hata ngiri yenu inataka cheo!"

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Nikachukua mpira wa maji na ndoo nikawaeleza kitaalamu, hatua kwa hatua. Nilieleza vizuri sana.

"Kwa hiyo utumbo umevuka mpaka bila kibali," shemeji akasema, "kama magendo ya Manyovu. Basi dawa itaurudisha. Kunywa! Dada yangu anataka mume." Akanisogezea kikombe mdomoni.

"Daktari amekataza!"

"Daktari ni mtu wa kuja, anaijua ngiri yetu sisi Waha?"

Hapo maumivu yakanikunja. Mke wangu aliacha kucheka, akaweka sikio kifuani pangu.

"Kaka, njoo usikie."

Shemeji akainama. Kisha kifua changu kikatoa mlio wa karo ya maji iliyoziba. Aliruka nyuma, dawa yote ikamwagika kwenye sakafu ya vigae.

"Yesu wangu! Kuna mtu anakoga humu!"

Hatukungoja alfajiri. Yeye mwenyewe alinibeba mgongoni hadi hospitali, akipiga kelele njiani, "Pisheni! Ngiri imepanda juu!" Watu walipisha, wengine wakitazama suruali yangu. Ambulansi ikaondoka nasi usiku huohuo.

Daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba utumbo ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi, ila walipoushusha ulirudisha rangi yake. Akashona tundu. Siku waliponiruhusu kula, mke wangu alininywesha uji kwa kijiko. Akaweka sikio kifuani pangu, tukausubiri upite. Ulishuka taratibu bila kunguruma, ukatulia tumboni.