Nguzo Kwanza, Kahawa Baadaye

Kaka yangu Mokdad anaupenda mji wetu wa Kairuani kama watu wengine wanavyopenda kusengenya: hachoki, wala hamwachi mtu apite bila kumgawia kidogo. Miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi wa mazulia. Wanawake walimletea kazi ya miezi mingi, naye akaipindua, akapiga magoti, akahesabu vifundo vya upande wa nyuma kwa ncha ya penseli, kisha akapiga mhuri au asipige. Nimewaona waliotoka pale wakilia. Lakini nyumbani, Wasila akisema "Baba" kwa sauti ndogo, mkaguzi huyo alikuwa tayari kumpa hata viatu alivyovaa.

Wasila ni bintiye wa pekee, ndiye aliyebaki naye mama yake alipofariki. Ana miaka ishirini na tisa, anauza dawa kwenye duka la mtaa wa pili, na mwaka jana alifahamiana na Nizar, muuguzi wa Mahdia, mji wa pwani. Mambo yakaiva. Mama yake Nizar, Lalla Beya, yaani Bibi Beya kwa heshima ya kwetu, akaleta salamu kwamba Jumapili atakuja na dada yake "kuitembelea Kairuani kidogo."

Kila mwenye akili anajua maana yake. Mwanamke haachi bahari yake akasafiri saa mbili kuja kutazama mawe. Anakuja kumtazama msichana: anavyoingia na sinia la kahawa, anavyoketi, anavyojibu. Mji hutajwa ili msichana asipopendeza asiwepo wa kuaibika. Wageni walikuja kutembea, wametembea, wamekwenda zao. Na Nizar alikuwa amemnong'oneza Wasila kwenye simu kwamba Jumapili inayofuata mama yake "ataitembelea Monastir." Huko kuna binti wa mwalimu mmoja.

Asubuhi ile Wasila alinishika mkono jikoni, kuskusi ya kondoo ikifuka mvuke nyuma yake.

"Shangazi Zakia, nenda nao. Baba akitaka kuwaonyesha Msikiti Mkuu, sawa, huo tu. Saa saba wawe mezani."

"Nitamburuta kwa sikio," nikamwambia.

Saa tatu tuliwapokea stendi. Mokdad alivaa tai. Lalla Beya alikuwa mama mnene mwenye macho ya haraka na viatu vipya, viatu vya kuketia sebuleni. Dada yake alibeba boksi la keki kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Karibuni, karibuni! Mmekuja kuuona mji," alisema Mokdad, "basi mtauona."

Msikitini alitusimamisha kwenye kila nguzo.

"Kaka, kahawa inapoa."

"Zakia, nguzo hii ilitoka Kartago!"

"Imesimama miaka yote hiyo, haitakimbia leo."

"Msizihesabu lakini," akawaonya wageni, "anayezihesabu hupofuka."

"Hesabu, Beya," alisema dada yake chinichini, "labda ukipofuka tutapelekwa nyumbani."

Hatukupelekwa. Tuliona kisima, tukaona malango, tukaona ukuta ambao babu yetu aliwahi kuuegemea. Ilipofika saa saba, nikidhani sasa njaa itanisaidia, kaka yangu aliingia kwenye kibanda cha mkate na kuagiza mikate minne ya jodari. "Tusimsumbue Wasila," alisema.

Simu yangu ikalia.

"Shangazi, wako wapi?"

"Wanakula."

"Wanakula nini?"

"Mkate. Wa jodari."

Sauti ikawa nyembamba kama uzi: "Watu wa Mahdia, shangazi. Wamezaliwa mdomoni mwa bahari. Mnawalisha samaki wa kopo?"

Nilimtazama kaka yangu akifuta mafuta kidevuni, uso umemng'aa, na nikaapa kumwita mjinga jioni ile mbele ya mtaa mzima.

Saa tisa alitufikisha kwenye mabirika makubwa ya kale ya kuhifadhia maji, nje ya mji. Gari la mwisho la Mahdia huondoka saa kumi na moja. Alianza kueleza maji yalikotoka, mlima gani, mfereji gani. Lalla Beya akaketi ukingoni, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga kando yake.

"Bwana Mokdad," alisema, "nisamehe. Birika hili limekaa miaka elfu na mia. Likiambiwa lisubiri, litasubiri. Binti yako yuko wapi?"

Kaka yangu akatazama maji.

"Yuko nyumbani."

"Mbona hatuendi?"

"Mwenyewe ulisema umekuja kuona mji."

"Mwanamume mzima, una mvi, na hujui hilo husemwa tu?"

"Najua," alisema Mokdad. Akalegeza tai. "Nimekagua kazi za watu maisha yangu yote, Lalla. Najua jicho linavyopita juu ya kitu. Jana nilikaa nikiwaza kasoro gani mtaiona kwake." Akaongeza polepole: "Sikuiona. Mkiingia tu mtampenda, mwende naye."

Hasira yangu yote iliniponyoka pale, kama ndoo iliyokatika kamba.

Lalla Beya akamgeukia. "Na nisipompenda?"

"Haiwezekani!" Mokdad alifoka kabisa, kama aliyetukanwa.

Dada mtu alicheka hadi keki zikatikisika. Lalla Beya alivaa viatu, akajiinua kwa kushika mkono wa kaka yangu, na hakuuachia mpaka tukapata teksi.

Tulifika saa kumi na robo. Nilikuwa nimemfundisha Wasila vizuri: macho chini, hatua ndogo, sinia usawa wa kifua. Mlango ukafunguliwa na msichana mwenye aproni, mashavu mekundu, mwiko mkononi.

"Baba! Jodari? Kondoo mzima yuko hapa ananiangalia tangu saa sita, wewe unawapa wageni wangu kopo?" Ndipo akawaona nyuma yake. Mwiko ukashuka. "Karibuni," akasema, akiwapisha mlangoni.

Lalla Beya alimtazama kuanzia aproni hadi mwiko.

"Mwanangu, hilo la kopo limeniuma na mimi," akasema. "Pasha hiyo kuskusi."

"Lakini gari lenu..."

"Gari lina dereva wake. Pasha."

Alikula sahani mbili, Wasila ubavuni mwake, wakimteta Mokdad waziwazi kama watu waliojuana miaka. Saa kumi na moja iligonga na hakuna mgeni aliyeinua kichwa. Nikaenda kutoa blanketi.

Niliporudi, kaka yangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, hajui aweke wapi mikono yake.

"Kama mnalala," alisema, "basi kesho asubuhi, kabla ya gari, kuna sehemu moja..."

"Baba," alisema Wasila, akimsogezea kiti, "kaa ule."